Kigingi cha Kumi

Dukani kwangu Łódź, nyuma ya kituo cha tramu,
nina runinga tatu zilizopasuka nyufa kama utando:
mtu alirusha mpira usiokuwapo,
rimoti ikamponyoka, ikaenda kweli.

Wateja huniuliza, bisibisi ingali mdomoni:
"Ludwik, mchezo huu wa kupungapunga mikono
ndio kesho yetu, au ni wazimu wa msimu?"

Mimi ni mtu wa vitufe. Gumba langu lina sugu.
Nimeua majoka elfu bila kunyanyua kiwiko,
na hii nyingine, ukipiga chafya tu,
upanga wako unakata dari.
Wazimu, nikawajibu. Miaka mingi: wazimu.

Kisha Januari, theluji ikifika magotini,
akaingia Bi Halszka, dereva wa tramu mstaafu;
kiharusi kimemwachia mkono mmoja, wa kushoto.
"Vitufe kumi na viwili!" akacheka.
"Kwani mimi mpiga kinanda?"
Nikampa ile nyeupe, nikamfunga kamba mkononi.

Akapunga.
Vigingi tisa chini.
Cha kumi akakikemea kwa matusi ya barabarani,
kama gari lililoegeshwa juu ya reli.

Sijabadili dini. Usiku bado nacheza nimekaa,
na kesho siijui, mimi ni fundi tu.
Ila rafuni, kati ya mashine zinazosubiri vipuri,
iko rimoti moja siiuzi;
kamba yake imekwisha kushika kipimo cha mtu.

Ijumaa anarudi.
Ana kesi na kile cha kumi.