Nane Nukta Nne

Kabla hakijawa changu, kilihesabu watu.
Karani wa sensa alikipitisha nyumba kwa nyumba
akiuliza nani alilala humu usiku ule,
na kona ya kioo ikapasukia huko, sijui mlangoni kwa nani.
Sasa kimo mkobani mwangu, kishikwambi kimoja
kwa watoto sitini na watatu wa darasa la tano,
hapa juu, uwanda wa Newala,
ambako ukungu huingia darasani bila hodi
na maji hayajawahi kupanda mlima kwa miguu yake.

Ratiba tumeibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Hisabati ina chumba chake, Sayansi chake,
Kiswahili kimekaa karibu na dirisha.
TEHAMA haina hata kiti:
imeandikwa pembeni kwa penseli, *umeme ukiwepo*.
Rimu ya lori ikigongwa, somo moja hutoka upesi
lisije likakutana na jingine mlangoni.

Siku ile nilitaka kufundisha vipimo vya urefu, basi.
Kitabu kilitoa mfano wa treni mbili.
Hakuna aliyewahi kuona treni.
"Nitajieni kitu kinachokwenda na kurudi," nikasema.
Kimya.
Halafu Swaumu Likanga, aliyechelewa kama jana, kama juzi,
sare imelowa begani:
"Mimi."

Alfajiri iliyofuata alikifunga mgongoni kwa kanga, kama mdogo wake,
akateremka nacho bondeni.
Alipokirudisha, mstari wa buluu ulikuwa umejichora
juu ya ramani isiyokijua kijiji chetu:
umejikunja mara saba, umegota kisimani, umepanda.
Kilomita nne nukta mbili.
"Zidisha kwa mbili," akasema Abilahi, "si karudi?"
Nane nukta nne.

Chilumba akauliza mbona kupanda kumekula saa nzima
na kushuka nusu tu.
Hapo, bila ruhusa ya rimu, Sayansi ikaingia
ikauliza ndoo ya lita ishirini ina uzito gani.
Jiografia ikaja na mistari yake iliyobanana kama mikunjo ya paji.
Nyuma kukazuka ugomvi: tunaandika *teremka* au *telemka*,
na bibi zetu kwa Kimakonde huuitaje mteremko ule?
Watoto sita, majina matano.
Sikuwanyamazisha.

Chaji ikafika asilimia tisa, ikafika mbili, kioo kikafa
katikati ya kuzidisha.
Chaki ikaendelea palepale kilipoachia.
Tukatoa siku za mvua, bati linapochuruzika.
Zikabaki mia tatu kwa mwaka.
Elfu mbili, mia tano na ishirini.
Abilahi akaitandaza ramani ya zamani, ile ya karatasi,
akaenda kwa rula hadi Dar es Salaam.
"Kafika," akasema. "Karudi.
Kaenda tena.
Karudi."

Swaumu hajavuka Masasi.
Akaitazama miguu yake kama ya mgeni.

Nami nikalifungua daftari la wachelewaji.
Wino mwekundu, jina lake, safu nzima mpaka chini.
Mwandiko wangu ni mzuri; watu husema.

Mchana afisa elimu kata akaukuta ubao haujafutwa:
nambari, mlima, ndoo, lile neno lenye majina matano.
"Mwalimu Nanguka, hiki kilikuwa kipindi gani?"
Fomu yake ina kisanduku kimoja, chembamba, cha somo.
Nikaandika: *Maji.*
Akakisoma mara mbili.
Akauliza kama nina chaja ya simu yake.

Kesho yake, saa mbili na robo, hodi.
Bega limelowa. Daftari liko wazi, kalamu ninayo mkononi.
"Ongeza nane nukta nne, mwalimu,"
akasema, akapita, akakaa.