Ushuru wa Mlangoni

Oulu, Januari. Nje ni digrii ishirini na nane chini ya sifuri.
Irmeli anamimina kahawa ya nne.
Kola ya kulungu wa theluji iko mezani, bubu.

Betri ina volti tatu nukta sita.
Redio yataka tatu nukta tatu, haipunguziwi.
Kati yao mlango mmoja,
na hakuna bawabu wa bure.

Nilianza na NPN wawili, mmoja kambeba mwenzake:
watulivu, ila ushuru wao karibu volti mbili.
Ukishamlipa bawabu hivyo, utaingia na nini?

Nikamjaribu PNP. Mlangoni hadai kikubwa,
lakini ananyonya chini kwa chini,
anamwaga ardhini usiku kucha,
hata kulungu akilala.
"Kupe," akasema Irmeli, binti wa wafugaji.

NMOS tulimwacha. Anataka pampu yake mwenyewe,
na pampu ina kelele.

Basi PMOS. Lango lake ni kioo, halinywi kitu.
Milivolti themanini, pita.
Nikaweka kapasita ya kauri
na skrini ikatetemeka
kama mimi siku ile waliponitoa sauna
wakanitupa thelujini.

Irmeli hakucheka. Alichomelea rezista,
nusu omu tu, mguuni mwa kapasita.
Mstari ukanyooka.

Tuliitundika kola nje ya dirisha.
Saa tisa usiku betri ilikuwa imeshuka, tatu nukta nne,
na redio, huko gizani, ikaita.
Irmeli alikuwa amelala juu ya koti lake.
Sikumwamsha.