Uji Usiokorogwa

Ndolezi, Juni. Umande bado uko kwenye mibuni
na Kimondo kiko palepale, baridi kuliko kiganja changu.
Nalipwa kukifuta mavi ya ndege
na kuwaambia watoto wa shule: msiandike majina.

Subilaga alikuja na tupa ndogo, na kibali chenye mihuri mitatu.
Akachukua unga wa chuma usiojaza kijiko cha chai.
Nikamwuliza, huo utasongea ugali gani?

Jioni akanikuta jikoni, uji wa ulezi umenishinda, mabonge matupu.
"Hivyohivyo," akasema, akaninyang'anya mwiko.
"Jua likiwa changa, vumbi lililolizunguka halikukorogwa likalingana.
Bonge la huku motoni, bonge la kule kwenye baridi,
kila moja na kromiamu yake, na molibdeni yake.
Dunia ni ya bonge la huku.
Kwa sehemu kubwa."

Na sehemu ndogo?
Akalamba mwiko. Hakujibu.

Alisema pia kwamba hafniamu hufa ikaacha tangsteni,
kama jivu linavyokwambia moto ulizimika lini;
kwamba chuma cha namna hii kilizama, kikawa kiini cha kitu fulani
Dunia ikiwa haijamaliza hata kujikusanya.
Kitu hicho kikavunjwa. Na nini, hajui.
Nilipenda alivyosema hajui.

Leo nimekwenda na kitambaa changu.
Mtoto ameandika kwa chaki, ubavuni: SEKELA, LA NNE B.
Nimefuta kotekote, hapo nimeparuka.
Mvua itapafuta.
Mvua ni mpaka Novemba.