Nusu Kilo

Papa nilimjua kwa pua kabla ya kumjua kwa jicho:
mkavu, mgumu kama soli ya kiatu,
kalazwa juu ya gunia Marikiti,
na mama yangu, Bi Mwanasiti,
akimpungia nzi kwa kipande cha boksi.
Madrasa waliniita Mtoto wa Ng'onda.
Nilijisugua kwa ndimu. Wapi.

Leo nimebeba mtungi mgongoni, nje ya miamba ya Nyali,
mita ishirini na mbili chini,
na kamera iliyonishinda kuinua chomboni
huku chini imekuwa nyepesi kama ganda la yai.
Juu, nahodha Shekue anamwaga damu na vichwa vya vibua.
"Mkono mtupu haulambwi," kasema,
na mtayarishaji akacheka, akaniagiza:
Meno. Nitafutie meno.

Nikangoja.
Pumzi zinapanda vishada vishada.
Nilijikojolea ndani ya suti; hilo libaki baina yetu.

Akaja.
Hakuja na zile ngoma watakazompigia baadaye studioni.
Alikuja kama mtu apitaye ukumbini usiku
katika nyumba aliyozaliwa,
hana haja ya taa, hapapasi ukuta.
Kijivu. Kovu la ndoana pembeni mwa mdomo.
Akanizunguka mara moja,
akanikagua kwa jicho moja, bila pupa,
vile mama anavyomkagua mteja wa kuuliza tu,
akaenda zake.
Mdomo kaufumba.

"Hamna kitu hapa," alisema mtayarishaji,
akirudisha picha nyuma, mbele, nyuma.
Sekunde arubaini na moja. Akazitupa.
Nikaziokota.

Jumamosi nilizipeleka Marikiti, ndani ya simu yenye ufa.
Mama akafuta mikono kwenye leso,
akaisogeza simu mbali, karibu, mbali tena.
Miaka thelathini na mitatu
papa humfikia wakiwa wamekwisha kukatwa vichwa.
Akatazama hadi mwisho. Akanitaka nirudishe.
"Kumbe ana macho," akasema.
Hakuniambia mimi. Aliliambia gunia.

Ndipo akatokea mteja, mama mmoja wa Majengo,
mkononi ana nazi mbili, ana haraka:
nusu kilo, na asipunjwe.
Mama akanyoosha mkono kwenye mzani,
akasita,
akaigeuza simu kifudifudi,
kisha akapima.