Mwendo wa Kutembea

Juu ya mstari wa kwanza, kwa mkono wa mtu
asiyewahi kuiona Mwanza, imeandikwa: andante.
Kamusi ya Mwalimu Lugwisha, iliyopoteza jalada
na herufi zote baada ya S,
inasema: mwendo wa kutembea.

Kutembea kwa nani?

Misoji anashuka Mabatini na beseni la dagaa,
jabali hadi jabali, kisigino kikiuliza kwanza
ndipo kikanyage. Hiyo ni andante.
Mwanawe, kengele ya shule imeshalia,
anayaruka majabali yale yale kama mbuzi wa jirani.
Naye anatembea, ukimuuliza. "Sikukimbia, mama."
Na baba yangu, mwaka ule wa mguu,
kutoka kitandani hadi dirishani, wodini Bugando,
ziwa likimsubiri nyuma ya kioo:
hatua kumi na moja. Nilizihesabu.
Hakuna metronomu inayoshuka hadi pale.

"Tembea kama hujafika," alisema Mwalimu,
akikinyanyua kwa kidole gumba kibonye cha fa
ambacho unyevu wa ziwa hukigandisha kikishabonyezwa.
"Ukifika, umeharakisha. Ukisimama, umelala."
Akapiga yeye, akakosea, akacheka,
akasema kosa lilikuwa la kinanda.

Ukurasa wa pili: rubato. Wakati ulioibwa.
Hapo sikufungua kamusi. Nimewahi kukaa gatini
nikingoja kivuko cha Kamanga cha saa nne
kilichokuja saa tano kasorobo,
kisha nahodha akavuka kama mtu anayedaiwa,
akarudisha, tuseme, nusu ya alichoiba.
Mwalimu anasema mwizi mwema
hurudisha chote kabla wimbo haujaisha.
Mimi sijui. Nilishakabidhiwa fimbo ya baba
na stakabadhi ya hospitali. Chenji sikupewa.

Mstari wa mwisho: tranquillo.
Kamusi iliishia S. Mwalimu yuko Magu, msibani.
Nikamwita Misoji, anayepitia dirishani kila alasiri
akiuza kwa kisado, nikamuuliza, kwa utani tu,
neno hili lina maana gani.
"Silijui," akasema. "Lipige."

Nikapiga. Akatikisa kichwa, beseni halikuyumba.
Nikapiga tena, polepole zaidi. "Sasa unajikokota."
Mara ya tatu sikuhesabu kitu. Niliwaza dirisha lile,
na mtu aliyelifikia, akashika nondo, akanyamaza.

Misoji akatua beseni.