Mkate Wenye Pembe

Saa sita ya usiku simu ikaleta sauti ya Kavugho:
huku Nagoya kumekucha, alisema, nina njaa ya nyumbani,
na dirishani pa duka la chini wanauza kitu utakachokicheka.
Kete za viazi vitamu ndani ya unga,
zimejitokeza pande zote kama pembe,
ndiyo maana wenyewe wanauita mkate wa zimwi.
Hauchomwi. Mafuta hauyajui.
Unaivishwa na pumzi ya maji tu.

Niliirudia sauti ile mara nne,
na si kwa ajili ya vipimo.

Asubuhi, Kituku, boti za Minova zilikuwa zimeshusha magunia.
Nikachagua vyenye ngozi nyekundu na moyo wa njano.
Mwuzaji alinisukumia vikubwa; mimi nilitaka vigumu.
Unga nusu kilo, sukari kikombe,
franga zilizobaki zikatosha makala, kiberiti hazikukifikia.
Moto nikauomba kwa jirani,
kaa moja jekundu juu ya kipande cha bati.

Usimenye, alisema Kavugho. Kata kete,
loweka mpaka maji yageuke rangi ya uji,
yamwage, nyunyiza sukari, kisha uache.
Nikaacha. Na kweli viazi vikatoka jasho,
jasho tamu, likajikusanya chini ya bakuli,
likatosha kushika unga bila maji ya kuongeza.

Lakini chungu cha mvuke tungekitoa wapi?
Mama, aliyekuwa mlangoni akitwanga sombe,
alinyoosha mguu, akasukuma kwa kidole gumba
mawe matatu meusi yaliyojaa matundu.
Haya hapa.
Yaliingia bila hodi mwaka ule,
yakalala juu ya kitanda changu cha ndoa.
Leo nayo yafanye kazi.

Nikayasugua kwa brashi ya viatu, mpya, usiniulize.
Nikayapanga ndani ya sufuria,
maji mpaka mabegani mwao,
sahani juu, jani la mgomba juu ya sahani,
halafu madonge, kijiko kwa kijiko, yenye vichwa vibaya.
Kifuniko nikakivisha kitenge
kisije kikaulilia mkate.

Mbabula ikakoroma. Katembo wa jirani
akaja kurudishiwa bati lao
akakaa, bati mapajani, bila haraka yoyote.

Mama akaugeuza wa kwanza mkononi:
“Sasa hii ni mukate ao ni jiwe?”
Akauma. Swali lake hakulijibu.
Akauma tena.

Ilipobaki miwili, mmoja akautenga
juu ya kabati, chini ya bakuli la bluu.
Wa Kavugho, akasema,
kana kwamba ametumwa chumvi Birere
na atarudi kabla ya giza.
Nilikuwa na neno. Nikalimeza na chai.

Usiku nikauchukua ule mwingine,
nikaisogeza simu karibu na kinywa,
nikatafuna mpaka ukaisha,
nikamtumia hivyo hivyo.