Kimevaa Buibui

Bi Thuwaiba alinipigia alfajiri, sijavaa hata viatu:
"Simu yako yasema maji yapo.
Mimi niko hapa, mwanangu, mfereji mkavu,
na ndimu zangu hazina simu."

Nikafungua skrini. Ishirini na sita.
Jana ishirini na sita. Juzi ishirini na sita.
Ningeshtuka tangu juzi:
maji hayakai kwenye namba moja,
hata mtu aliyelala hupumua.

Kutoka Nizwa mpaka juu ya Al Hamra
nilikipitia kichwani, kiungo kwa kiungo,
kama anayerudia njia kutafuta ufunguo.

Kihisi chenyewe chaenea kiganjani.
Hakigusi maji. Kinapiga ukelele
mwembamba, wa kusikiwa na popo,
kisha kinahesabu: umekwenda, umegonga, umerudi.
Muda huo kinaugawa nusu, kinauzidisha kwa mwendo wa sauti,
na sauti ya Juni hapa si sauti ya Januari,
joto huitia mbio; ndiyo maana ubavuni
nimekifungia kipimajoto cha kukikosoa.
Kimo cha chuma, toa umbali: kilichobaki ni kina.
Hesabu ya darasa la nne.

Kisha redio. Watu hudhani ni nguvu.
Betri ni moja, na imeambiwa ikae miaka mitano;
mwenye betri hiyo hapigi kelele.
Hutamka baiti kumi na mbili tu, polepole,
akivuta kila moja kama anayemsomea barua kiziwi,
na kwa upole huo neno linavuka mitende,
linapanda jabali hadi antena ya paa la skuli,
antena inalipeleka Maskati,
Maskati inanirudishia mimi, kitandani.
Halafu chalala. Robo saa nzima, usingizi wa pono.
Hakingoji "naam". Hakijui kama kuna aliyesikia.

Nikamkuta kakaa ukingoni,
miguu ndani ya mfereji, vumbi hadi vifundoni.
Zamu yake, athar mbili, saa moja ya usiku wa jana,
imempita ikiwa hewa tupu.
"Baba yangu alipima kwa kivuli," alisema,
"na siku za mawingu aligombana na kijiji kizima.
Usidhani chako ndicho cha kwanza kukosea."

Nikalala kifudifudi, nikamulika tochi.
Utando.
Umetandwa kutoka chuma hadi ukutani,
sentimita thelathini na nne chini ya mdomo wa kihisi,
mzito kwa vumbi na mbawa za mbu,
na mwenyewe katikati, miguu minane, katulia.
Sitini toa thelathini na nne.
Kihisi hakikusema uongo. Kiliita, kikaitikiwa.
Hakikufundishwa kuuliza: ni nani?

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka ushungi ukamtoka.
"Masikini! Chombo chako kimevaa buibui!
Chaitazama nguo yake, chadhani ni dunia."

Nikautoa kwa ncha ya kalamu.
Tukangoja robo saa, tukila tende.
Simu ikalia: sifuri.
Sijapata kuifurahia sifuri kama ile.

Shohag na mwenzake wakapanda na makoleo,
wakaufuata mfereji hadi kwenye kona ya mwamba,
wakakuta jiwe, kubwa kama mbuzi aliyejilaza,
limeporomoka usiku bila kumwambia mtu.
Saa tisa na robo: nne. Saa tisa na nusu: kumi na moja.
Nikamsogezea skrini Bi Thuwaiba, hakuitazama.
Alikuwa na kidole ndani ya maji.

Fomu ya ofisi inataka sababu:
betri, antena, mtandao, mengineyo.
Nimetia alama kwenye mengineyo.
Tangu siku hiyo garini mwangu mna brashi ya rangi,
nyembamba, na daftari
la namba zilizotulia kupita kiasi.